Injini ya Kufuata kwa Sikio

Mjomba hakuwahi kunywa chai ameketi. Akikabidhiwa kikombe alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaondoka nacho kama mtu aliyeitwa ghafla. Funda moja alilipiga mlangoni, jingine dirishani, jingine akiwa ameinamia ndege yake mezani, na kikombe kikibaki nusu kilipotea. Mkewe alivikuta vikombe juu ya kabati, juu ya kisanduku cha mita ya umeme, na siku moja ndani ya buti la mvua.

"Watu wengine wanafuga paka," alisema mkewe. "Mimi nafuga vikombe vinavyotembea."

Mjomba alikuwa fundi wa lifti. Maisha yake yote ya kazi yalipita ndani ya mashimo ya maghorofa, katikati ya kamba za chuma na grisi, na mwenyewe alipenda kutania kwamba hakuna mtu aliyepanda sana kama yeye bila kufika popote. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Saa aliifungua siku hiyo hiyo kuona imeundwaje. Hotuba aliisahau. Kilichobaki ni mikono isiyojua pa kukaa, na ndiyo iliyoanza kuunda ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ya vita, mfano wa zile za zamani za rubani mmoja: mabawa mapana, mkia mwembamba, pua fupi ya mviringo kama kichwa cha nyundo. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa mlango. Mifupa ilikuwa ya mbao nyepesi zinazokatika kwa wembe, na ngozi ilikuwa ya plastiki nyembamba ya kijani inayobanwa kwa pasi. Pasi ilikuwa ya mkewe. Ndiyo maana kwa muda mrefu mashati yote ya nyumba hiyo yalikuwa na mistari ya kijani mgongoni, na majirani wakamwita Mjomba "Jenerali".

"Kwa nini ya vita?" mkewe aliuliza. "Hakuna ndege za kubeba abiria? Hakuna za kumwagilia mashamba?"

"Mimi na vita wapi na wapi," alijibu Mjomba. "Nimependa pua."

Mwalimu, binti wa dada yake, alikuwa akiishi nao katika chumba cha uani tangu ndoa yake ilipovunjika. Alifundisha chuo cha ualimu, na wanafunzi wake wangeshangaa kuona jinsi alivyokuwa nyumbani: anaanza kusahihisha kazi, anainuka, anafungua dirisha, anafunga, anavaa viatu vya kutoka, anakaa navyo kitandani. Pengine ndiyo sababu yeye na mjomba wake walielewana. Walikuwa watu wawili wasiotulia katika nyumba ya mwanamke mmoja aliyetulia. Waliitana "mjomba", wao kwa wao, kama ilivyo kawaida ya mjomba na mpwa, na mgeni akiwasikia kutoka barazani angedhani wanaume wawili wanabishana.

Ndege ilikamilika, imebaki injini tu. Hapo ndipo Mjomba alipokwama.

Pua fupi ina shida yake. Uzito mwingi wa ndege unabaki nyuma, na ndege nzito mkiani hairuki. Inajaribu kuketi angani. Kwa hiyo injini lazima iwe na uzito wa kutosha, la sivyo mtu anajaza vipande vya risasi puani, kama vile vya kusawazisha magurudumu ya gari. Ikiwa nzito kupita kiasi nayo, ndege inachimba ardhi. Mwalimu alidhani hilo ndilo lililokuwa likimsumbua mjomba wake. Alidhani hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa.

Duka la vifaa vya ndege hizo lilikuwa moja tu mjini, kwenye ghorofa ya chini ya jengo ambalo lifti yake Mjomba aliitengeneza zamani. Mwenye duka walimwita Kiberiti, kwa wembamba wake na kwa wepesi wake wa kuwaka. Kwa kuwa alimheshimu mzee, alimruhusu achukue injini, aipime nyumbani, na kuirudisha kama haikumfaa. Alikuja kuijutia ruhusa hiyo.

Ya kwanza ilikuwa mota ya umeme, inayotumia betri. Mkewe Mjomba aliipenda papo hapo. Haikuvuja mafuta, haikunuka, na sauti yake ilikuwa kama ya feni ya mezani. Mwalimu pia aliisifia. Mjomba aliifunga, akaizungusha, akaizima, akaizungusha tena, akatoka nje, akarudi. Asubuhi yake aliirudisha dukani.

"Ina kasoro gani?" Kiberiti aliuliza.

"Haisemi."

"Mzee, unataka injini au unataka mtu wa kupiga naye soga?"

"Nipe nyingine."

Ya pili ilikuwa ya mafuta, ya mipigo miwili, ndogo kama ngumi lakini yenye kelele za kutosha wilaya nzima. Walipoiwasha uani mara ya kwanza, nguo zilitetemeka kwenye kamba, na jirani wa upande wa pili akatoa kichwa juu ya ukuta.

"Jenerali! Adui yuko wapi tukimbie?"

"Bado yuko kwako, hajalipa kodi," Mjomba alimjibu bila kugeuka, na jirani akacheka mpaka akakohoa.

Lakini Mjomba mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele, uso umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza habari asiyoitaka. Kisha akasema jambo ambalo Mwalimu alilichukulia kuwa uchizi wa kawaida wa nyumba ile: kwamba kesho waende uwanja wa mpira wa shule ya jirani, kwa kuwa shule imefungwa, na waende na toroli.

Toroli lilikuwa la kubebea mchanga. Mjomba alikaza ubao juu yake kwa boliti, na injini juu ya ubao. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kulisukuma kuuzunguka uwanja, injini ikiwa inanguruma, pangaboi lake likizunguka mbele kabisa, mbali na mikono yake. Kazi ya Mjomba ilikuwa kusimama katikati ya uwanja, macho yamefumbwa, na kunyoosha kidole mahali anapodhani toroli lipo.

"Mjomba, wanafunzi wangu wakiniona hivi nimekwisha," Mwalimu alipiga kelele.

"Sukuma! Wakikuuliza, sema ni utafiti!"

Alisukuma. Majani yalikuwa marefu, gurudumu lilikuwa likiyumba, na moshi wenye harufu ya mafuta ya nyonyo ulimwingia machoni. Kila alipotazama, kidole cha mjomba wake kilikuwa pengine kabisa. Yeye yuko kwenye goli, kidole kiko kwenye kona. Yeye yuko kwenye kona, kidole kinazunguka hewani kama cha mtu anayefukuza nzi. Ule mlio mkali ulikuwa umejaa uwanja mzima, unatoka kila upande, na haukuwa na mahali.

Kisha mafuta yaliisha na injini ikazima. Mwalimu, jasho likimtoka, aliona hakuna haja ya kuendelea kuzunguka. Alilipitisha toroli katikati ya uwanja kuelekea kwa mjomba wake, taratibu, majani yakimeza sauti ya gurudumu. Alifika ubavuni kwake kabisa, karibu na bega.

Mjomba alikuwa amekwisha kufumbua macho. Alikuwa akitazama goli la mbali, mikono imeuzunguka mdomo.

"Mjomba!" aliita kwa nguvu. "Mbona umezima? Njoo basi!"

Mwalimu aliinua mkono, akaupunga polepole karibu na sikio la mjomba wake, mahali ambapo mtu yeyote angegutuka. Kope za Mjomba hazikucheza. Ndipo Mwalimu akakumbuka alama nyeusi kwenye magoti ya mjomba wake, miimo ya milango aliyoigonga kwa bega, na jinsi alivyozoea kugeuza kichwa kizima, kama kuku, anapotafuta kitu kilicho mbele ya mkono wake.

"Niko hapa," alisema.

Mjomba aliruka kama aliyeguswa na waya. Kisha akaelewa kwamba ameonekana, na mabega yake yakashuka.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu kabla sijastaafu." Alianza kutembea, akiuzunguka mduara mdogo kwenye majani. "Mbele naona vizuri. Nikikutazama hivi, naona mpaka kishikizo cha blauzi yako, hicho kimoja kimelegea. Lakini pembeni hakuna kitu. Siyo giza. Hakuna tu. Daktari anasema ni presha ya macho. Kama kuchungulia ndani ya bomba, mjomba, na bomba lenyewe kila mwaka linazidi kuwa jembamba. Matone yanachelewesha, hayarudishi."

"Na utarushaje ndege usiyoiona?"

"Ndiyo maana natafuta injini!" Alisimama. "Ikitoka kwenye bomba siipati tena kwa macho. Anga ni kubwa. Lakini nikiisikia iko wapi, nageuza kichwa, naikamata. Nataka mara moja tu. Niirushe, niizungushe, niitue kwa mkono wangu. Kurusha hata mlevi anaweza. Kutua ndiyo kazi."

Hapo Mwalimu hakuwa na utani tena. Aliwaza watu wanaoenda uwanja wa kurushia ndege hizo siku za mapumziko, wake kwa waume, na kitu chenye uzito wa jiwe na kasi ya gari kikiwajia vichwani. Alimwambia hatalisukuma tena lile toroli mpaka mambo mawili yafanyike. Kiberiti aambiwe, kwa sababu ni yeye anayejua kuzuia ajali. Na mke aambiwe, kwa sababu ni mke.

"Kiberiti nikimwambia, nimeuambia mji."

"Basi yafanye mabawa rafu za vitabu."

Mjomba aliuzunguka uwanja mzima peke yake, mikono nyuma, kisha akarudi na kulishika toroli. "Unafanana na mama yako," alisema. Haikuwa sifa.

Mjomba alimwambia mkewe siku hiyo hiyo, jikoni, Mwalimu akiwa mlangoni hajui aingie au aondoke. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, huku akiendelea kuchambua mchele. Kisha mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo jioni nikikaa pembeni yako," alisema, "nikikuonyesha kitu, ukawa hugeuki..."

"Nilikuwa sikuoni."

"Na mimi nilidhani umenichoka." Alizisukuma punje chache kwa kidole, akazirudisha. "Miaka yote hiyo, wewe mwanamume. Nilidhani umenichoka."

Kuanzia siku hiyo alikihamisha kiti chake. Badala ya kukaa ubavuni mwa mumewe alikaa mbele yake, uso kwa uso, na Mjomba alilalamika kwamba sasa anaishi kama mshitakiwa.

Dukani ilikuwa rahisi kuliko walivyoogopa. Mjomba aliiweka ile injini ya kelele juu ya kaunta, akasafisha koo, akasema, "Nipe ninayoweza kuifuata kwa sikio. Macho yangu yanafunga." Kiberiti alifungua mdomo wake uliozoea kuwaka, akaufunga. Aliinama chini ya kaunta, akakaa huko muda mrefu kuliko mtu anayetafuta kitu, na alipoinuka alikuwa na injini iliyotumika, ya mipigo minne, mafuta yameganda kwenye mapezi yake.

"Ni yangu," alisema. "Ina nguvu kidogo kuliko ile, na ni nzito. Kwa pua yako hiyo, uzito ni faida. Lakini sikiliza."

Aliikaza kwenye ubao, akaiwasha nyuma ya duka. Haikulia, ilidunda. Sauti nene, yenye mapigo, kama mtu anayepiga hodi kwa haraka kwenye mlango wa mbao. Mjomba alifumba macho. Kiberiti, bila kuambiwa, aliubeba ubao wenye injini, akaanza kuhamahama nao uani, kushoto, kulia, nyuma ya mapipa, na kidole cha Mjomba kikamfuata kila alipokwenda.

"Hii," Mjomba alisema. "Hii ina mahali."

Kiberiti alitoa sharti lake. Zingekuwa rimoti mbili, zimeunganishwa kwa waya, moja kwa mzee na nyingine kwake. Kwenye rimoti yake kulikuwa na swichi: kidole chake kikiibana, ndege ni ya mzee, kikiachia, ndege ni yake. Mjomba alinuna, akasema yeye si mtoto wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Lakini alikubali, maana injini ilikuwa bado inadunda na hakutaka izimwe.

Walikwenda siku ya kazi, asubuhi, uwanja wa kurushia ukiwa mtupu. Mkewe alikuja pia, akasimama nyuma ya gari na mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali. Walikuwa wamekubaliana maneno: upande mmoja wa uwanja ulikuwa na barabara, upande mwingine tangi la maji, na Mwalimu angesema "barabara" au "tangi" na si zaidi. Mjomba hakuweza kusimama mahali pamoja. Aliikagua skrubu, akaikagua tena, akalamba kidole kupima upepo, akaifungua sindano ya kabureta kidogo na kuirudisha ilipokuwa.

"Mzee, iache," Kiberiti alisema. "Utaichosha kabla haijaondoka."

Ndege ilikimbia kwenye majani yaliyofyekwa, mkia ukainuka, na ikaondoka ardhini bila mtu kusikia ni lini. Ghafla tu ilikuwa juu, ya kijani, pua yake fupi ikisukuma hewa, ikidunda, ikidunda.

"Barabara," Mwalimu alisema.

"Nimeshaisikia," alijibu Mjomba, na uso wake ulikuwa umekwisha kugeukia barabara.

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa furaha, akakuta ni hofu tupu. Hakuweza kuitazama ndege kwa amani. Alitazama ndege, kisha vidole vya mjomba wake, kisha kidole cha Kiberiti kwenye swichi, kisha ndege tena. Mjomba aliizungusha juu ya tangi. Ilipanda, na mapigo yakawa mazito kama ya mtu anayepanda ngazi; ikashuka, yakawa mepesi. Mara mbili aliipoteza, Mwalimu akaona macho yake yakihangaika angani patupu, na mara mbili alifumba macho, akainamisha kichwa, akayafumbua yakitazama mahali penyewe. Nyuma ya gari mkewe alikuwa akisema, si kwa mtu yeyote, "Haya, haya, haya."

"Natua," Mjomba alisema.

Aliigeuza upande wa barabara na kuileta. Ilikuja chini, imenyooka, kisha upepo ukaiinua bawa moja. "Tangi," alisema Mwalimu, "tangi, tangi!" Mjomba alisogeza kijiti, lakini ndege ilikuwa imekwisha kutoka ndani ya bomba lake, alikuwa akitazama nyuma yake kidogo, pale ilipokuwa punde. Bawa lilizidi kuinama. Na Mwalimu akakiona kidole cha Kiberiti kikinyanyuka kutoka kwenye swichi.

Mapigo ya injini yalishuka. Bawa likanyooka. Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena, na ndege ikakimbia mpaka ikasimama, pangaboi likizunguka polepole kama linalovuta pumzi.

"Umetua!" Kiberiti alipiga kelele. "Mzee umetua mwenyewe! Sijagusa kitu!"

Mkewe aliuacha mwavuli ukibiringika, akaja mbio, akapitia mbele ili aonekane, akamkumbatia. Mjomba alicheka. Alicheka huku vidole vyake bado vimeshika vijiti. Kiberiti alimtazama Mwalimu juu ya mabega ya wazee hao wawili, na Mwalimu akaenda kuuokota mwavuli.

Wiki zilizofuata Mjomba aliisimulia siku hiyo barazani, kinyozini na kwa mhudumu wa matone ya macho, na kila mara alimalizia palepale: gurudumu limegusa, likaruka, likagusa tena. Jirani alimpandisha cheo, akawa Jemadari. Mwalimu alikuwa akiondoka kila simulizi ilipofika kwenye kutua. Alikwenda kuchota maji wakati ndoo zimejaa. Alijiambia kwamba uongo wenyewe si wake, kisha akajiambia kwamba ni wake, kisha akatoka kwenda kutembea.

Kilichomchukua Mjomba hakikuwa macho. Kilikuwa kifua, baada ya mvua za baridi, na kilimchukua haraka. Wodini walimlaza kitanda cha ukutani, na hata hapo hakutulia. Alikuwa akiivuta shuka na kuirudisha, akiuliza ile mashine ya hewa inatumia mota gani. Siku ya mwisho ambayo Mwalimu alimkuta na nguvu za kuzungumza, Kiberiti alikuwa ametoka hapo muda si mrefu, amemletea jarida la ndege. Mwalimu alikaa mbele, mahali pa kuonekana. Mjomba alimtazama kama mwenye neno mdomoni. Kisha akamvuta kwa kiganja cha mkono, karibu, kama mtu anayetaka kusema siri ya utani.

"Yule aligusa, mjomba," alisema. "Injini ilishuka kabla kidole changu hakijasogea. Usije ukamwambia kwamba nilisikia."